Fimbo, kamba au mashine: kuchagua njia ya kunyoosha magurudumu ya mbele ya gari la zamani

Mwenye gari la zamani anayetaka kunyoosha magurudumu ya mbele ana njia tatu zinazopatikana bila taabu kubwa: fimbo ya kupimia umbali kati ya matairi kwa mbele na kwa nyuma, kamba zinazovutwa ubavuni mwa gari kutoka nyuma hadi mbele, na mashine ya kamera katika gereji za alaimenti za mijini. Mara nyingi njia hizi hulinganishwa kwa gharama na kwa usahihi, na aliye na fedha hudhani kwamba mashine inashinda moja kwa moja. Mimi naona kuna maswali mawili yanayopaswa kutangulia bei: je, gari lako lina nini cha kurekebishwa, na kila njia haioni nini? Mashine inayosoma kila pembe hadi sehemu ndogo ya digrii haikuongezei mengi ikiwa gari lenyewe lina sehemu moja tu ya kutia spana, ilhali fimbo ya bei rahisi inaweza kukupa kipimo sahihi kabisa na bado ukaondoka na usukani uliopinda.

Nitatumia magari matatu kama mifano, kwa kuwa bado yanaonekana barabarani Kenya na Tanzania na kwa kuwa sehemu zake za mbele zimejengwa kwa namna tatu tofauti: Land Rover Series III, Volkswagen Beetle, na Peugeot 504.

Kinachorekebishika katika kila gari

Pembe zinazohusika ni tatu. Ya kwanza ni mwelekeo wa magurudumu mawili yakitazamwa kutoka juu: yanaweza kubana kwa mbele, yaani umbali kati yake kwa mbele ukawa mdogo kuliko kwa nyuma, au yakatanuka. Ya pili ni ulalo, yaani kiasi ambacho gurudumu linaegemea nje au ndani kwa juu likitazamwa kutoka mbele ya gari. Ya tatu ni kasta, yaani jinsi mhimili ambao gurudumu hugeukia linapokata kona ulivyoegemea nyuma kwa juu. Pembe hii ndiyo inayoufanya usukani urudi wenyewe katikati unapotoka konani.

Land Rover Series III ina ekseli moja nzima ya chuma kwa mbele, nayo imetoka kiwandani na ulalo wa digrii 1.5, kasta ya digrii 3, na mwinamo wa kingipini (pini ambayo gurudumu hugeukia linapokata kona) wa digrii 7, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyowekewa nati ya kurekebishia. Kinachorekebishwa ni kubana kwa mbele peke yake, kati ya milimita 1.2 na 2.4, kwa kuzungusha tairodi moja ndefu (chuma kinachounganisha magurudumu mawili ya mbele) ambayo ncha yake moja ina thredi za kulia na nyingine za kushoto. Ulalo ukikutwa haupo sawa, ekseli imepinda au kingipini na beringi zimekwisha, na hapo kazi ni ya kubadilisha vipuri.

Beetle ina mambo zaidi. Zile zenye kingipini hurekebishwa ulalo kwa kuhamisha shimu nyembamba (vipande vya chuma vya kujazia nafasi) katika pini zinazounganisha kingipini na mikono ya mbele, na zile za boljointi (kiungo chenye kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe), zilizoanza kutoka katikati ya miaka ya 1960, zina bushi kwenye boljointi ya juu ambayo tundu lake halikai katikati, hivyo ukiizungusha ulalo hubadilika. Ulalo ukibadilika, mwelekeo hubadilika pamoja nao, na ndiyo sababu ulalo hushughulikiwa kwanza. Tairodi zake ni mbili, nazo urefu wake haulingani, kwa kuwa sanduku la usukani halikai katikati ya gari. Anayezilinganisha akidhani kwamba anasahihisha kosa huwa analitengeneza.

Peugeot 504, iliyoanza kuuzwa mwaka 1968 na ikashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, ina usukani wa reki (upau wenye meno unaosogezwa kushoto na kulia) na tairodi mbili, moja kila upande. Kwa mwenye kuchagua njia ya kupima, jambo kubwa hapa ni kwamba kila gurudumu lina marekebisho yake, kwa hiyo jumla inaweza kuwa sahihi huku upande mmoja ukiwa umebeba kosa la pande zote mbili.

Ukaguzi ambao hakuna njia inayouepuka

Inua mbele kwa jeki, weka stendi, kisha shika tairi kwa juu na chini ulitikise. Likicheza, mwombe mwenzako akanyage breki kwa nguvu halafu utikise tena: mchezo ukipotea, tatizo ni beringi ya gurudumu, ukibaki, ni kingipini au boljointi. Rudia kwa kushika kushoto na kulia, na safari hii mtu wa pili aweke kidole kwenye kila kiungo cha tairodi, kwa sababu kidole huhisi mchezo ambao jicho halioni. Gari lenye mchezo wa milimita 2 kwenye viungo haliwezi kupimwa kubana kwa milimita 1.2, hata ukilipeleka kwenye mashine mpya kuliko zote mjini, na fundi anayekubali kulipima katika hali hiyo anauza karatasi.

Jaza upepo sawa pande zote mbili, toa mizigo mizito, na pitisha kiganja juu ya uso wa tairi kabla ya kugusa spana yoyote. Kiganja kikiteleza vizuri kinapotoka nje kwenda upande wa chasisi lakini kikakwaruzwa na ncha za mpira kinaporudi nje, magurudumu yanabana kupita kiasi. Ikiwa kinakwaruzwa kinapoingia ndani, yametanuka. Hiki ni kipimo cha bure, nacho hueleza kilichokuwa kikitokea barabarani kwa miezi, jambo ambalo hata mashine haiwezi.

Ukishateremsha gari kutoka kwenye jeki, lisukume mbele mita kadhaa kabla ya kupima, wala usilirudishe nyuma, kwa sababu magurudumu hutua yakiwa yamekazana na ardhi na husoma uongo mpaka yaviringike.

Fimbo

Fimbo ninayoizungumzia ni bomba au ubao mnyoofu wenye nguzo mbili zilizosimama, kila moja ikiwa na msumari uliochongoka, na nguzo moja inaweza kuhamishwa na kukazwa. Nguzo zipo kwa sababu maalumu: mbele na nyuma ya tairi unapaswa kupima kwenye kimo cha katikati ya gurudumu, na kwa nyuma kimo hicho kimezibwa na ekseli au injini. Futi ya kawaida inayoshikwa na watu wawili hulegea au hupinda inapozunguka kizuizi. Kwenye Land Rover iliyoinuka vizuri unaweza kulala chini ukafanya kazi kwa raha, lakini kwenye Beetle yenye mabomba mawili ya mbele karibu na ardhi, futi bila nguzo ni mchezo wa kubahatisha.

Usahihi wa fimbo unategemea mahali unapoweka ncha. Rimu za chuma za miaka hamsini huwa zimepinda kidogo, na kupinda huko kunaweza kuzidi kipimo chote unachokitafuta. Dawa ni nyepesi. Weka alama ya chaki kwenye ukingo wa kila rimu kwa mbele, pima kati ya alama hizo, kisha sukuma gari mbele nusu mzunguko hadi alama zilezile zifike nyuma kwenye kimo kilekile, na upime tena. Kwa kuwa umepima pointi zilezile mara mbili, kupinda kwa rimu kunajifuta chenyewe.

Wengine hupaka ukanda wa chaki katikati ya uso wa tairi, wakazungusha tairi likiwa juu ya jeki huku msumari uliofungwa kwenye kipande cha ubao ukichora mstari mwembamba, kisha wakapima kati ya mistari. Njia hiyo ni nzuri, ila kuna mtego: ikiwa kitabu cha gari kinatoa milimita za ukingo wa rimu, kwenye uso wa tairi refu la Land Rover tofauti ileile inakuwa karibu mara mbili, kwa kuwa unapima kwenye duara kubwa zaidi. Anayeweka milimita 2.4 kwenye uso wa tairi hilo ameweka karibu nusu ya alichokusudia.

Kasoro ya fimbo ni moja, nayo haina tiba: inalinganisha gurudumu la kushoto na la kulia tu, bila kujua gari linaelekea wapi. Kwa Land Rover hilo si tatizo kubwa, kwa kuwa tairodi yake ni moja na mkao wa usukani hurekebishwa mahali pengine, kwenye draglinki, yaani chuma kinachopeleka mwendo wa usukani kwenye magurudumu. Kwa Beetle na 504 unaweza kufikia jumla sahihi kwa kuzungusha tairodi ya upande mmoja peke yake, na ukatoka na usukani uliopinda gari likienda moja kwa moja.

Kamba

Hapa ndipo ninapopendekeza watu wengi zaidi wawekeze muda wao, ingawa njia hii ndiyo yenye usumbufu mkubwa. Unahitaji uzi wa nailoni wanaotumia waashi, mabomba mawili marefu kuliko upana wa gari, stendi nne, rula ya chuma, na asubuhi nzima mara ya kwanza. Kila bomba linakatwa vijipengo viwili, na umbali kati ya vijipengo uwe uleule kwa mabomba yote mawili. Bomba moja linakaa mbele ya gari na jingine nyuma, kamba zinavutwa kati yake kwa kimo cha katikati ya magurudumu, na hapo tayari una mistari miwili sambamba, kwa kuwa umbali wa mbele na wa nyuma ni mmoja.

Kinachobaki ni kuliweka gari katikati ya mistari hiyo. Pima kutoka kamba hadi katikati ya kila gurudumu. Gurudumu la nyuma kushoto lilingane na la nyuma kulia, na la mbele kushoto lilingane na la mbele kulia. Usilazimishe mbele ilingane na nyuma. Land Rover Series III ina upana uleule wa magurudumu mbele na nyuma, kwa hiyo namba nne zitafanana, lakini Beetle haina, na anayevuta kamba kwa kuigusisha kwenye matairi ya nyuma kisha akaitumia kama mstari mnyoofu, kama inavyofanywa gereji nyingi, anapima tofauti ya upana wa gari akidhani ni pembe ya gurudumu.

Kisha weka rula kwenye ukingo wa mbele wa rimu, soma umbali hadi kwenye kamba bila kuigusa, na ufanye hivyohivyo kwenye ukingo wa nyuma. Umbali wa mbele ukizidi wa nyuma, gurudumu hilo linabana, na ziada ya kushoto ukijumlisha na ya kulia unapata jumla ya gari. Upepo ni adui hapa, kwa kuwa kamba inayotetemeka haisomeki. Mapema asubuhi panafaa kuliko mchana, hasa kwa walio pwani. Chini ya kila tairi la mbele weka vigae viwili vya sakafu vyenye grisi katikati, ili gurudumu ligeuke kwa urahisi unapozungusha tairodi badala ya kung'ang'ania saruji na kukurudishia namba ya zamani.

Kitabu cha gari kikitoa digrii badala ya milimita, usiogope hesabu. Kwenye rimu ya inchi 15, ambayo ukingo wake una kipenyo cha takriban milimita 415, digrii moja, yenye dakika 60, ni kama milimita 7.2, na dakika 10 ni milimita 1.2. Beetle ya boljointi iliyowekwa jumla ya dakika 30 inabana kwa takriban milimita 3.6.

Faida ambayo fimbo haiwezi kuitoa hata kidogo ni magurudumu ya nyuma. Yapime pia. Kwenye ekseli ya nyuma iliyo nzima, kingo za mbele na nyuma za kila rimu zinapaswa kuwa umbali sawa na kamba. Ukikuta kushoto pamebana na kulia pametanuka kwa kiasi kilekile, ekseli nzima imekaa mshazari. Kwenye Land Rover chanzo cha kawaida ni senta bolti ya springi iliyokatika au bolti za U zilizolegea, ekseli ikarudi nyuma upande mmoja. Gari la namna hiyo huvuta kando, na mwenyewe huenda akazungusha tairodi ya mbele mwaka mzima bila kupona.

Ulalo nao unaweza kuusoma bila mashine, kwa timazi iliyoning'inizwa mbele ya gurudumu na rula kutoka kwenye uzi wake hadi ukingo wa rimu wa juu na wa chini, mradi sakafu iwe imesawazishwa kwa pimamaji. Kasta haipatikani kwa urahisi kwa kamba wala timazi, na hapo ndipo njia hii inapofika mwisho wake.

Mashine

Mashine ya kamera hufungiwa shabaha, yaani vibao ambavyo kamera huvisoma, kwenye magurudumu yote manne, gari husogezwa kidogo ili kufuta kupinda kwa rimu, kisha skrini huonyesha mwelekeo, ulalo, na mkao wa ekseli ya nyuma. Usukani unapogeuzwa kushoto na kulia juu ya sahani zinazozunguka, kasta nayo huhesabiwa. Kwa kasi na kwa wingi wa taarifa, fimbo na kamba haziikaribii.

Udhaifu wake kwa gari la zamani uko pembeni mwa mashine yenyewe. Gari lako huenda halimo katika orodha yake, na fundi akachagua gari la karibu nalo ili rangi ya kijani, ya vipimo vilivyo sawa, itokee. Nenda na namba zako mwenyewe, umeshazibadilisha kuwa digrii, na umwombe aziingize. Vibano vya shabaha vimetengenezwa kwa rimu za kisasa, na kwenye rimu za chuma zenye vifuniko vya kung'aa hutelezea au hukwaruza. Tena, fundi aliyezoea magari ya reki hufunga usukani ulionyooka kwa macho na kuanza kazi, ilhali sanduku la usukani la Beetle au Land Rover limetengenezwa libane zaidi katikati kabisa ya mzunguko wake. Usukani ukiwa uliwahi kuvuliwa na kurudishwa vibaya, gari litaenda moja kwa moja huku sanduku likiwa nje ya katikati, nalo litayumba barabarani hata kama karatasi yote ni ya kijani. Katikati hiyo itafute mwenyewe nyumbani, viungo vya tairodi au draglinki vikiwa vimefunguliwa, kwa kuhesabu mizunguko kutoka mwisho hadi mwisho na kurudi nusu.

Jambo la mwisho ni kutu. Tairodi iliyoganda hailegei kwa dakika chache ambazo gereji yenye foleni inaweza kukupa, na kinachofuata ni moto na spana ya bomba. Ipulizie mafuta ya kulegeza siku kadhaa kabla, na uhakikishe vibano na nati zake vinazunguka kabla hujaondoka nyumbani.

Kuna pia bamba ambalo gari hupita juu yake likaonyesha kama magurudumu yanaburuza kando. Hilo hukuambia kwamba kuna kasoro, lakini halisemi ni gurudumu lipi wala ni kwa nini.

Ipi kwa gari lipi

Kwa Land Rover Series III ambayo haijapata ajali, fimbo yenye nguzo inatosha kwa kazi ya kila mara, na kamba ifanywe mara moja ili kujua ekseli zimekaa sawa na chasisi, kisha irudiwe baada ya kazi yoyote ya springi. Kulipia mashine ikuonyeshe ulalo na kasta ambazo huwezi kuzibadilisha naona ni anasa, isipokuwa gari limeinuliwa kwa springi ndefu na umepanga kuirudisha kasta kwa kabari kati ya springi na ekseli; hapo huna njia nyingine ya kujua unene wa kabari.

Kwa 504, chagua kamba au mashine, na uiache fimbo. Tairodi zake mbili zinahitaji mstari wa katikati wa gari kama rejea, na kati ya njia hizo mbili tofauti kubwa ni muda wako.

Beetle inagawanyika. Iliyo katika kimo chake cha kiwandani na ambayo ulalo wake haukuguswa inahudumiwa vizuri na kamba pamoja na timazi. Iliyoshushwa mbele, kama wapenda maonyesho wengi wanavyozishusha, imepoteza sehemu ya kasta, na ndiyo maana huyumba kwa mwendo mkubwa. Hiyo ipelekwe kwenye mashine, kwa sababu shimu za nyuma ya bomba la chini la mbele haziwezi kukisiwa. Gari lolote lililogongwa gurudumu au kuingia shimoni kwa kishindo liende mashine kabla ya kitu kingine.

Walio mbali na mji wana hoja ya ziada: gari lenye mwelekeo mbaya linaweza kula tairi jipya njiani kuelekea huko huko kwenye mashine, kwa hiyo fimbo ya nusu saa uani kwanza ni akiba halisi. Na wale waliobadilisha matairi ya nyuzi mshazari wakaweka radiali (ambayo nyuzi zake hukatiza tairi moja kwa moja) wakumbuke kwamba vipimo vya vitabu vingi vya zamani viliandikwa kwa matairi ya kwanza. Radiali huhitaji kubana kidogo zaidi ya sifuri, kwa hiyo lenga upande mdogo wa kipimo cha kiwanda, yaani milimita 1.2 badala ya 2.4 kwa Land Rover.

Njia yoyote utakayoichagua, pima tena baada ya kukaza vibano na nati, kwa sababu kukaza huizungusha tairodi kidogo, na katika kipimo ambacho nafasi yake yote ni milimita 1.2, kidogo hicho kinatosha kukutoa nje. Kisha ukaliendeshe gari kwenye barabara tambarare isiyo na watu: usukani ukikaa upande mmoja lakini gari halivuti, kwenye Beetle na 504 refusha tairodi moja na ufupishe nyingine kwa kiasi kilekile cha mzunguko, na kwenye Land Rover iache tairodi kama ilivyo ukarekebishe draglinki.